Koti la Murunga Lililogeuka Zulia

Ni saa moja asubuhi na baridi ya Eldoret bado inauma vidole. Selpha Nasambu ameketi mlangoni pa nyumba yake mtaani Langas, zulia la mviringo likiwa magotini. Analigeuza huku, analigeuza kule. Anachomoa mishono miwili, anaitazama nafasi iliyobaki, kisha anaishona tena palepale.

"Nikifumua, nitabaki na vipande," anasema. "Nikiacha, ni zulia. Na wao wanataka koti. Sasa mimi nishike lipi?"

Si kawaida ya mama huyu kushindwa na kitu kilichochakaa. Kitendawili: saba wamevaa gauni moja, na mgeni akija wote humbeba. Watu wa Langas hujibu bila kufikiri, kigoda cha Mama Bethwel. Ndivyo wanavyomwita, kwa jina la kifungua mimba wake. Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia huifunga saba pamoja, akaiwekea sponji juu na kuivika kitambaa. Pakiti za maziwa wanayopewa watoto shuleni huziosha, akazikata na kuzisuka vikapu. Sweta zilizochanika, shuka na mapazia huishia kuwa mazulia, yamesukwa mapote matatu kama nywele za msichana wa shule.

Zulia moja humpa shilingi sitini. Kwa kazi hiyo amelisha watoto wanne tangu mwaka wa 1979, mumewe alipougua mgongo.

Wateja humletea mabunda yamefungwa. Yeye hafungui mbele ya mtu, kwa heshima. Umaskini wa mwenzako, asema, hauanikwi kwenye mwanga. Na heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwezi uliopita alipokea bunda kutoka Yamumbi, nyumbani kwa Maximilla, mjane aliyekuwa amemzika mumewe, Murunga. Ndani mlikuwa na sweta za watoto na pazia kuukuu. Ndani ya pazia mlikuwa na koti zito la sufu, la kijivu.

"Nilijiuliza kidogo," anakiri Selpha. "Lakini nikasema, nguo za marehemu zimeshagawanywa, hili ni fungu la mjane. Anataka ukumbusho. Nikachukua mkasi."

Kumbe hazijagawanywa. Kwao, siku ya kugawa nguo, wazee hukaa na kila nguo ikapata mwenyewe, na koti la mjomba ni la mpwa, mtoto wa dada yake. Maximilla alikuwa amelifunga kwenye pazia ili lisinyakuliwe kabla ya siku hiyo. Dada yake Maximilla akaja kumsaidia usafi, akaona pazia bovu, akalitia kwenye bunda.

"Nililificha vizuri mpaka likanifichika mimi mwenyewe," asema Maximilla. Anataka kucheka, lakini kicheko hakifiki.

Jumapili iliyopita, Mzee Nicanor, kaka wa marehemu, alipiga hodi kwa Selpha.

"Karibu Mzee, keti."

"Sikuja kukaa. Nimetumwa koti la kaka yangu. Liko wapi?"

Selpha akatazama chini. "Uko juu yake, Mzee."

Mzee akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama katikati ya zulia, lililotandazwa ili linyooke, viatu na matope yake. Akaruka pembeni, kofia ikaanguka.

"Juu ya wapi?"

"Hapo ulipokuwa ni kola. Mimi huanza katikati na kitambaa kizito."

"Na mikono?"

"Inazunguka. Mmoja unaishia karibu na kitanda."

Mzee Nicanor akalizunguka zulia lile polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyeuziwa na tayari ana mashaka naye. Akainama. "Na hii nyekundu?"

"Sweta ya mtoto wake wa mwisho. Nimesuka pamoja. Pote moja koti, pote moja sweta, pote moja pazia."

"Kwa hivyo mpwa akichukua koti, amechukua na sweta za mayatima?"

Selpha akainama, akakung'uta tope kwenye kola. Swali hilo bado analo.

Ushauri ameupata mwingi, na ndio uliomchanganya zaidi. Mwenzake wa kanisani alimwambia alichome moto. Maximilla akasema akilichoma wasijuane tena. Katekista akasema nguo ni nguo, tuombe. Sahra, Msomali mwenye duka la jirani, naye alishangaa.

"Kwetu nguo za maiti hupewa maskini mapema, mambo yakaisha," alimwambia akimpimia sukari. "Nyinyi mnangoja nini, Mama Bethwel?"

"Wazee."

"Basi nipe mimi niweke dukani."

"Utalikanyaga?"

Sahra akafikiri, mizani mkononi. "Hapana," akasema. "Hilo sasa umeniharibia."

Kugawa nguo ni Jumamosi hii. Mpwa mwenyewe, Johnstone, dereva wa trekta huko Kiplombe, ameuliza jambo moja tu: koti litakuja na mikono? Akilikataa, wazee watainuka bila kugawa, na Maximilla atabaki na msiba usiofungwa. Selpha naye atabaki na jina la mwanamke aliyemtandika marehemu sakafuni. Tayari wateja wawili wamerudi kuchukua mabunda yao, mmoja akisingizia amepata matumizi mengine ya sweta.

"Sikumdharau Murunga," anasema Selpha akilikung'uta zulia. "Hiyo kazi nimeifanya vizuri kuliko zote. Hapo ndipo nachanganyikiwa. Ningekuwa nimeiharibu, ningejua la kufanya."

Mpango anao, ingawa hauamini sana. Jumamosi atakwenda Yamumbi mwenyewe, zulia begani wala si kwapani, na sindano ya magunia, mkasi na kipande cha bitana kikapuni. Hatalitandika. Atalifunua mbele ya wazee, aonyeshe kola ilipo, mifuko ilipo, na mahali sweta ya mtoto ilipoingia. Kisha ataketi chini na kungoja.

Johnstone akitaka lifumuliwe, atalifumua hapohapo, pote kwa pote, watoto warudishiwe nyekundu yao. Akitaka liwe la kuegemea kwenye kiti chake, atalishonea bitana kabla chai haijapoa.

Na baada ya hapo, akijaliwa wateja, kila bunda litafunguliwa na mwenyewe, nguo kwa nguo, aibu au hakuna aibu.

"Lilikuwa la Johnstone la kuvaa," anasema, akilikunja zulia upande wa ndani. "Kama halivaliki tena, basi aniambie tu anataka limguse wapi."