Maji ya Jana Aliyateka Nani

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa kiguu na njia. Siku za kazi nilikuwa ofisa ustawi wa jamii mjini Mwanza, katika ofisi yenye madirisha mawili karibu na soko kuu. Jumamosi na Jumapili nilikuwa muuza mitumba Nyakato, kwa sababu mume wangu alikuwa amepunguzwa kiwandani na mshahara wangu peke yake haukutufikisha popote. Sikuwa na saa ya kukaa. Hata chakula nilikula nimesimama, mkoba begani. Watu walinisifu kwa uchapakazi, nami nilipenda kusifiwa.

Ndipo ikaja kazi ya wazee. Vijana wa vijijini walikuwa wamehama, wengine kwenye viwanda vya minofu ya samaki, wengine kwenye machimbo ya dhahabu, wengine hata haijulikani wapi. Walibaki wazee. Mfadhili mmoja alikubali kugharimia watembelezi, yaani jirani mmoja katika kila kijiji atakayepewa posho kidogo ili awatekee wazee maji, awapikie na kuwasindikiza zahanati, ambako siku hizo matibabu yalikuwa yameanza kulipiwa. Mkuu wangu, mzee mpole ambaye mwenyewe alikuwa anakaribia kustaafu, alinikabidhi kupanga nani apate.

"Hawatatosha," alisema. "Anza na wasio na mtu kabisa."

Nikatunga fomu, na nilijivunia sana ile fomu. Swali la saba liliuliza: Nani anakusaidia? Nikaweka na kanuni, kwamba mzee yeyote atakayetaja mtoto wake akatwe kwenye orodha. Kazi ya kuandikisha niliwapa walimu wastaafu, nikawakataza kuongeza maneno yao. "Andikeni anachosema mzee," niliwaambia. "Msiniletee huruma zenu."

Fomu ziliporudi nilizipitia kwa kalamu nyekundu siku mbili mfululizo. Mwanangu. Mwanangu. Binti yangu wa mjini. Wanangu wote. Nilikata, na kadiri nilivyokata ndivyo nilivyozidi kukasirika. Iliwezekanaje wazee karibu wote wawe na watoto wema namna hii, wakati watoto wenyewe nilikuwa nawaona mjini kila siku wakihangaikia redio na viatu? Niliinuka, nikazunguka meza, nikakaa, nikainuka tena. Kuna kitu hakikukaa sawa, na sikutaka kujua ni kitu gani. Halafu nikakuta fomu ya mama yangu.

Mama aliishi peke yake kijiji kimoja nje kidogo ya Kisesa. Kaka zangu wawili walikuwa wameshafariki, nimebaki mimi. Barabara ya kwenda kwake ilipita mbele ya nyumba yangu, na kutoka kwenye meza yangu ya mitumba nilisikia siku nzima makonda wakiita, "Kisesa, Kisesa." Nilikuwa sijakanyaga huko tangu mavuno ya mwaka uliopita. Kwenye swali la saba, kwa mwandiko safi wa kiualimu, paliandikwa: Mwanangu. Hulala hapa kila siku.

Nitasema ukweli. Niliikata fomu yake. Nilijiambia kanuni ni kanuni, na kumwacha mama kwenye orodha ingekuwa upendeleo. Nikapitia fomu nyingine tatu bila kuelewa nilichokuwa nasoma, kisha nikaiweka kalamu na kutoka nje, nikatembea hadi ziwani na kurudi, na bado sikutulia.

Kesho yake nikamfuata mwalimu aliyeandikisha kijiji kile, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa bado ya darasani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mama yako."

"Ulimwona huyo anayelala pale kila siku?"

"Niliona kitanda kimetandikwa. Akanionyesha na gauni lako ukutani. Nikaandika alichosema. Si ndivyo ulivyoagiza? Mzazi gani atasimama mbele ya serikali aseme mwanawe hamtazami? Huku kwetu hiyo ni sawa na kumwapiza. Hawa wazee wako wote wamesema uongo, mama. Wamewasitiri watoto wao."

Niliona aibu.

Jumapili mitumba ilibaki kwenye gunia. Nilimkuta mama mlangoni pa jiko, ungo mapajani, anachambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Mikono ilikuwa imekonda. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi.

"Tua mkoba," alisema.

Sikuutua. Nilitoa humo fomu mpya nikamweleza habari ya mtembelezi, haraka haraka, kama mtu anayewahi gari. "Kwa hiyo mama, niambie ukweli nikuandike upya. Nani anakusaidia?"

"Mwanangu."

"Mama, mwanao si ndiye mimi?"

"Ndiyo nimesema."

Nilimkasirikia, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote. Nikaingia ndani kutafuta maji ya kunywa nipoe. Mtungi ulikuwa mkavu, na ndoo vilevile. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda changu cha usichana, kimetandikwa shuka lililopauka kwa kufuliwa, na ukutani lilining'inia gauni langu la shule, ambalo lisingeweza kupita hata begani mwangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kile. Nililia, lakini sikuchelewa, maana hata kulia nilikuwa nimezoea kufanya haraka.

Niliporudi nje sikurudia swali la saba.

"Maji ya jana aliyateka nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Jana sikuwa na maji."

"Na juzi?"

"Juzi mvua ilinyesha kidogo. Nilikinga."

"Na kabla ya mvua?"

"Lambo liko mbali siku hizi," alisema, utadhani lambo ndilo lililohama.

Nikaandika. Alinitazama nikiandika hadi mwisho. "Haya, andika, kama ndivyo mnavyotaka huko serikalini," alisema. "Ila jina lako usiliweke."

Nikatua mkoba. Nilikwenda lamboni, kwenye lile bwawa la kijiji, mara nne, mpaka mtungi, ndoo na sufuria zote zikajaa, kisha nikapanda gari kurudi mjini, maana Jumatatu ilikuwa kazi.

Wiki hiyo nililifuta swali la saba. Walimu walirudi vijijini na maswali ya jana: maji aliteka nani, uji alipika nani, nani alipita mlangoni akabisha hodi. Safari hii orodha ilirefuka mno, na tukalazimika kukutana ili tuipunguze. Watendaji wa vijiji walikuja, walimu wastaafu walikuja. Mkuu alisoma fomu moja moja kwa sauti, na mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, kwa sababu kukaa nilishindwa.

Akafika kwa mama. Akasoma habari ya maji, ya mvua na ya lambo, kisha akageuza karatasi kuangalia nyuma. Hapakuwa na kitu.

"Huyu bibi maskini," alisema, "hana hata mtoto mmoja?"

Yule mwalimu aliyemwandikisha mama aliinamia mikono yake. Mama alikuwa amenisitiri kila upande. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo tu, na kila mtu mle ndani angeendelea kuniona mchapakazi.

"Anaye," nikasema. "Ni mimi."

Mkuu alinitazama juu ya miwani yake. Kisha akaweka alama ya vema kwenye fomu ya mama, apewe mtembelezi, akaichukua ya mzee mwingine na kuendelea kusoma.