Nyawawa wa Scovia

Hakuna mtu Karungu aliyechukia utelezi kama Scovia. Ule wa kijani uliganda kwenye nyavu za vizimba anamofugia samaki ziwani, ukazuia maji safi kupita, na samaki wakafa kwa kukosa hewa. Aliusugua kwa brashi mpaka vidole vikachubuka. Ukarudi.

Ndipo akanunua mashine inayotambaa yenyewe chini ya maji ikisugua wavu. Jioni mashine ilipoanza kuvuma, kijiji kizima kilitoka na masufuria na kuyagonga kwa miiko. Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyofukuza nyawawa, mapepo ya ziwani, yahamie kwa wengine.

“Gongeni tu!” Scovia alifoka kutoka kwenye boti. “Huyu wangu haendi popote!”

Na kweli hakwenda. Nyavu hazikuziba tena, na siku ya mavuno boti ilirudi imejaa ngege wanono. Mama Joyline, jirani aliyegonga kuliko wote, akaja ufuoni mikono mitupu kuomba kitoweo.

“Mama Joyline, utabebea wapi?” Scovia alimwuliza akicheka. “Kalete sufuria. Ile iliyobonyea.”