Koplo Marselino na Ukuta wa Mbugani

Koplo Marselino Ndalahwa hakuvaa kiatu bila kukigonga chini mara tatu kwanza. Tabia hiyo aliitoa Burma, ambako nge walilala ndani ya buti za askari, na aliendelea nayo hata kwa katambuga za tairi, ambazo hazina mahali pa nge kujificha. Mkewe, Mbuke, alimwambia mbele ya wageni, "Baba Mageni, nge wa Burma hawaijui njia ya huku." Akaitikia, "Sawa," akagonga.

Alizaliwa Masumbwe, katika ukoo wa walina asali, akachukuliwa jeshini mwaka 1942. Vitani, kwa maelezo yake, alichimba mahandaki na kutengeneza madaraja zaidi kuliko alivyopiga risasi. Aliporudi alikwenda Mwadui, ambako nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilikuwa zikijengwa, akajifunza uashi mpaka akamiliki mwiko, timazi na pimamaji. Mwaka 1951 alihamia kijijini kwetu, kusini ya Ibadakuli, kwa wakwe zake. Watu walimcheka kwa hilo pia.

Kila kijiji cha Wasukuma kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana katika kazi za pamoja: kulima, kuvuna, kubeba mgonjwa. Mgeni hakupewa nafasi hiyo. Yeye alipewa baada ya misimu miwili, kwa sababu hakutukana mtu kazini na alifika shambani kabla ya wote. Kwa hiyo ilipokuja habari ya shule, mwaka 1953, hakuna aliyeuliza nani awe mwenyekiti wa kamati, wala nani awe fundi.

Baraza la mtemi lilitoa sharti moja: vyumba viwili vya matofali viwe vimesimama kabla ya Januari, ama mwalimu apelekwe kijiji kingine. Nyumbani kwetu sharti hilo lilikuwa na uzito wake. Dada yangu Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mitatu na posa yake ilikuwa imeshaletwa. Baba yetu, Masele, alitamka mbele ya mama kwamba shule ikifunguliwa Januari, Nyamizi ataingia darasani na posa itarudi. Isipofunguliwa, ataolewa. Tangu siku hiyo Nyamizi alibeba matofali mengi kichwani kuliko mtu yeyote wa rika lake.

Koplo alichagua uwanja tambarare ukingoni mwa mbuga, karibu na maji ya kufyatulia matofali. Siku ya kuchimba msingi baba alimfuata.

"Bwana Koplo, udongo huu umelala tu. Mvua ikija utaamka. Panda kule kwenye luseni, kwenye mchanga wa kilimani."

"Na maji atayapandisha nani, mzee? Wewe?"

"Tutapandisha wote. Hapa sisi hata banda la kuku hatujengi."

"Masele, mimi nimetengeneza madaraja kwenye tope la Burma!"

"Na bado yamesimama?"

Vijana walicheka. Koplo alicheka kuliko wao, akavuta kamba ya msingi palepale. Kwao Masumbwe ardhi ni ngumu, na msingi wa futi mbili huibeba nyumba maisha yote. Kwetu udongo mweusi hupasuka kiangazi hata mkono ukaingia, kisha mvua ikinyesha huvimba na kusukuma kila kilicho juu yake.

Novemba kuta zilikuwa zimefika juu. Desemba mvua ilinyesha wiki nzima, na ufa ukatokea kwenye kona ya mashariki, kwanza mwembamba kama uzi. Karani wa kamati, Ignas, alikuwa na dawa yake.

"Tupige lipu, tupake chokaa. Mkaguzi anakuja Jumatatu, atatazama weupe. Mwalimu akishafika, nani atamrudisha?"

"Na watoto?" Koplo aliuliza.

"Watakaa upande ule mzima."

Koplo alichomeka mwiko ndani ya ufa. Ukazama mpaka kwenye mpini.

Jumapili aliita kijiji kizima. "Ukuta huu utaanguka," alisema. "Fundi ni mimi na kosa ni langu. Leteni nyundo."

"Rudi kwenu ukaline asali, Msumbwa!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Koplo alichukua nyundo. Alipiga pigo la kwanza mwenyewe. Nyamizi aliokota matofali mazima na kuyapanga pembeni, bila kutumwa na mtu.

Jioni ile Koplo alikuja kwetu. "Nipe mwaka mmoja, Masele. Nitaijenga kule ulikosema."

"Wenye ng'ombe hawangoji matofali," baba alijibu, na hakujibu kwa hasira.

Mwalimu alipelekwa kijiji kingine. Nyamizi aliolewa mwezi wa sita. Shule ilifunguliwa Januari 1955, juu kwenye luseni, kwa matofali yaleyale, na mimi nilikaa mstari wa mbele. Koplo alijenga pia zahanati, akasimamia uchimbaji wa lambo la kunyweshea ng'ombe, na kila mara kabla ya kuvuta kamba alikuja kwanza kumwuliza baba.

Januari 1959 tulikutana barabarani tukingoja mabasi. Mimi nilikuwa nakwenda shule ya kati, ya bweni. Yeye alikuwa amepata kazi ya ujenzi mgodini Geita, na huko ndiko alikofia miaka minne baadaye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyamizi hajambo?"

"Hajambo. Ana mtoto wa tatu mgongoni."

"Barua zake nani humwandikia?"

"Mimi."

"Na sasa unaondoka."

Basi lake likaja. Alipandisha sanduku la vifaa vyake, kisha akarudi kuzungumza nami kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosema na mtu mzima mwenzake. Ujumbe alionipa sijaufikisha, na imepita miaka zaidi ya thelathini.

"Mwambie dada yako, ule ukuta hata leo ningeubomoa. Lakini pale mbugani baba yenu alinikataza, nami nikamcheka."