Anataka Risiti ya Mabati Mapya, Alituletea Yaliyotoboka

Binti yangu anapiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama mashine! Ameajiriwa ofisini, River Road mjini Nairobi, anakalia kiti kinachozunguka, na huku kwetu Mutuini hakuna msichana aliyemtangulia. Sasa ndiyo niwasalimu, wasomaji wapenzi. Hamjambo? Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, nilisoma mpaka darasa la nne, na watoto wangu nimewasomesha kwa sukumawiki na maziwa ya ng'ombe mmoja. Mhariri, jina langu lifiche, ingawa majirani watanijua kwa majivuno tu.

Nawaandikia kwa sababu ya tajiri aliyemwajiri binti yangu. Ni mtu wa huku huku kwetu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Sisi kina mama tuna chama, na mwenyekiti ni mimi. Tulibeba mawe kwa migongo yetu tukajenga shule ya watoto wadogo, ikabaki paa. Siku ya harambee huyo bwana akasimama na suti yake inayong'aa, akatangaza mbele ya chifu kwamba paa lote ni lake, mabati mapya kutoka dukani. Tulimpigia vigelegele vitano, kama tunavyompokea mtoto wa kiume akizaliwa. Mimi mwenyewe niliimba mpaka koo likakauka, nikamvisha leso yangu mpya mabegani.

Mabati yalikuja, lori likayamwaga likaondoka. Yalikuwa yameezuliwa kwenye ghala lake la zamani, yamejaa kutu na matundu ya misumari. Tukameza mate, tukaziba matundu kwa lami, tukaezeka. Mvua ya kwanza watoto walihamahama na viti vyao kutoka kona hii kwenda ile. Hata hapo nilinyamaza.

Maneno yameanza juzi. Karani wake wa hesabu amemwambia kwamba msaada kama ule unaweza kumpunguzia kodi, lakini watu wa kodi hawapokei maneno ya mdomo wala picha ya gazetini. Wanataka karatasi ya aliyepokea, inayosema amepewa nini, lini, cha thamani gani, na sahihi yake chini. Aliyepokea ni mimi. Basi akamwita binti yangu akamsomea, naye akaandika kwa Kiingereza, kwa vidole vile vile ninavyojivunia: mabati mapya, bei ya dukani. Kisha akamwambia, "Mpelekee mama yako atie sahihi. Kiingereza hajui, usijichoshe kumsomea."

Mwanangu alinisomea na kunifasiria neno kwa neno, machozi yakimlengalenga.

Nikavaa viatu vya kanisani nikamfuata yule bwana huko huko River Road. Hakuniambia keti. Nikamweleza kwa adabu kwamba nitaandika nilichopokea, si zaidi.

"Mama, mabati ni mabati," akasema. "Tia sahihi uende."

"Na mvua ni mvua, bwana. Njoo siku moja ukae chini yake."

Akatabasamu, akamtazama binti yangu aliyekuwa ameinamia mashine. "Wasichana wa taipu ni wengi mjini, mama."

Wasomaji, angenitukana mimi ningemsamehe. Lakini kumfanya mwanangu kamba ya kunifungia, hapana. Tangu siku hiyo hata chai yangu ina ladha ya yule mtu.

Sasa sikieni. Anakuja kuifungua shule rasmi, amealika wakubwa na mpiga picha, na anategemea nitamkabidhi karatasi yake mbele ya watu. Nitamkabidhi. Nimeiandika mwenyewe kwa Kiswahili: tumepokea mabati makuukuu, yaliyoezuliwa, yenye matundu. Kila neno ni kweli na sahihi ni yangu. Nitaisoma kwa sauti kwanza, halafu awapelekee watu wa kodi akipenda. Kiti chake nimekwisha kukitafutia mahali. Ni masika, na pale panavuja vizuri sana. Na kina mama wote tumekubaliana, hatasikia kigelegele hata kimoja. Vile vitano alivichukua bure.

Kinachonishika mguu ni kazi ya mwanangu. Nilipomwonyesha karatasi yangu alisema taratibu, "Mama, Jumatatu nitakayerudi pale ni mimi, si wewe." Nikaikunja, nikaielekeza motoni. Akaninyang'anya, akaisoma tena polepole. Kisha akauliza, "Unataka nikupigie taipu nakala moja au tatu?"

Sijui kama hiyo ni ruhusa au ni hasira ya ujana atakayoijutia mshahara ukikatika. Nimwaibishe huyo mtu jinsi anavyostahili, mwanangu arudi nyumbani mikono mitupu? Au nitie sahihi uongo wake, kisha nimtazame mtoto wangu kwa macho gani? Nishaurini, na mwandike upesi, maana unga wa mandazi nimekwisha nunua na moyo wangu umekwisha kasirika. Atakayechelewa kuandika na aje anishauri akiwa ameketi, viti vya upande usiovuja vipo. Ni Jumamosi inayofuata Pasaka, saa nne asubuhi, na mvua ikinyesha tutashukuru.