Riba ya Chapati

Kwenye kibanda cha chapati pale Tassia tulikuwa mama mwenye kibanda, jirani yake muuza mitumba, mimi na mwanangu mgongoni, na kijana wa mikopo aliyekuja kubeba mtungi wa gesi wa mama kwa ajili ya deni.

“Nilikopa elfu tatu, nikalipa elfu tano. Bado nini?” mama akamuuliza.

“Riba, mathe. Inapanda kila siku.”

Muuza mitumba akaukalia mtungi, akaanza kukunja soksi zake polepole.

Mama akageuza chapati. “Na zile mbili ulizokopa Jumatatu, leo ni ngapi?”

“Si ni mbili tu! Chapati haizai.”

“Elfu tatu zangu nazo zilizaa na nani?”

Kumbe hesabu ya haki wakopeshaji wanaijua, mradi deni ni lao. Kijana aliondoka mikono mitupu. Siku hizi hula mandazi ng’ambo ya barabara, na hulipa kabla ya kuuma.