Sura ya Bénite ku Meza ya Matanga

Niko na kinywa mubaya, quartier yetu yote hapa Butembo inajua. Basi hii nitaisema vile ilikuwa, juu mi mwenyewe njo nilifanya.

Ndugu yangu mudogo Kitsa anaandikaka majina ku misalaba ya makaburi na ku milango ya maduka. Bibi yake wa ndoa, Bénite, alienda kuvuna kakao kule Mutwanga, upande wa Beni, waasi bakamuuwa mu shamba pamoja na bengine. Vijana ba kijiji bakabazika mbio mbio, siku ileile. Sisi hatukuona maiti. Na photo, hata moya hakuna: za ndoa zilibakia Luofu wakati tulikimbia vita, nyumba ikaungua. Carte yake ya kitambulisho na telefone, alikuwa navyo mu shamba.

Kwetu mutu akikufa, sura yake inakaa ku meza ya matanga, na mushumaa na maua. Mugeni akiingia, anasimama mbele yayo, anasalimia marehemu, kisha njo anatafuta kiti. Meza bila sura, batu banasema jamaa iko na siri. Basi baba mukubwa Zorobabel, mwenye anaongoza jamaa, akamuambia Kitsa: "We unajua kuchora. Utuchorie bibi yako."

Kitsa akajifungia siku tatu na kipande ya triplex, ule ubao mwembamba. Kutoka nayo, mutu hakuna mule. Couleurs, rangi tu. Udongo mwekundu chini, kijani ya majani ya kakao inaupandia, inageuka pole pole mpaka inakuwa manjano, ile manjano ya kitambaa Bénite alifungaka ku kichwa. Pembeni weupe kidogo, sawa bunga ya muhogo.

Nikamuuliza: "Na pua iko wapi?"

"Yaya Kanyere, dada yangu, nilijaribu sura. Kila sura minachora inakuwa ya mutu mwingine. Hii njo yeye."

Nikamucheka kabisa. Kitsa huyu, tangu butoto ni kichwa nguvu.

Lakini Léa, binti yao wa miaka ine, alikuwa hasemi tangu habari ilifika. Siku kumi na mbili, hata maji haombi. Akakaribia ile triplex, akaweka mukono mu manjano, akasema: "Mama." Kisha akaanza kumuelezea mambo ya kuku yetu, vile ilitaga mayai chini ya kitanda. Nilisikia na masikio yangu. Kitsa akanishika mukono.

"Muiache hivi, yaya. Sababu ya mutoto."

Baba mukubwa akasema rangi haisalimiwi, na catéchiste wa kanisa atatuuliza tunaabudu nini. Mi nikaogopa haya. Nikakata ukurasa ya calendrier ya tangazo ya sabuni, picha ya mwanamuke anacheka, meno meupe, nikamuwekea Kitsa mbele ya macho. "Chora huyu, palepale juu ya zile rangi zako. Nani atajua?" Akakataa. Njo nikamuambia: "Ulimuacha aende kufa, na sasa unamunyima hata sura." Akachukua burashi.

Bageni bakafika, bakalia mbele ya mama wa sabuni. Shangazi moya akasema: "Njo yeye kabisa." Mi nikamuitika.

Kesho yake, niko nagawa chai, nikasikia kitu inakwaruza sawa panya. Ni Léa, anaparua shavu ya ile sura na musumari. Alikuwa amefikia manjano, kipande sawa kidole, na alikuwa anaisemesha pole pole. Batu bote banaangalia. Nikamuchapa palepale, nikamuambia anavunjia mama yake heshima.

Hakulia. Baba mukubwa akaita Kitsa: "Tengeneza mbio, bageni benye banatoka Kayna bako ku mulango." Kitsa hakunitazama. Akachanganya rangi ya ngozi, akafunga ile tundu, na Léa akasimama karibu yake kuangalia mpaka manjano ikaisha.

Sasa ni mwaka wa pili. Léa hajasema tena neno.