Disketi Moja ya Citoyen Balagizi

Wageni wote waliokuja kuangalia depo walinicheka, mimi muzee muzima, nikipiga kompyuta makofi na kulalamika: «Courant imekatika!» Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu, mujinga mimi.

Zamani, kila kazi ya depo yetu ya Kadutu ilikuwa na disketi yake ya kuwashia kompyuta. Moja ikiharibika, zingine zinaendelea. Chef wetu wa kazi, Citoyen Balagizi, akakusanya zote mu disketi moja, zile za zamani akazifuta.

«Na hii ikikufa?» nikamuuliza.

«Papa, inchi nzima iko na chef moja, na inatembea!»

Siku ya wageni, disketi hiyo ikakufa, kazi zote zikasimama. Nikafukuzwa mimi. Balagizi alikuwa nyuma ya wageni, naye anacheka.

Balagizi, ujibu: disketi zangu za zamani ulizifuta juu ya sababu gani?